Kutuma na Kufuma: Historia ya Ushonaji wa Zana za Safari na Mavazi katika Ukambani wa Machakos

Katika maandishi mengi ya historia ya Kenya, Wakamba hutajwa kwanza kama wafanyi biashara wa pembe za ndovu, kisha kama wapagazi, na baadaye kama askari. Kazi zote tatu ni kazi za njiani. Mtu atokaye katika vilima vya Machakos akaelekea Rabai na Mombasa kwa miguu, akipita nyika isiyo na maji ya kutegemewa, hawezi kwenda mikono mitupu. Huhitaji chombo cha maji kisichovuja, mfuko wa chakula usiochanika, viatu vya kumkinga na miiba, nguo ya kujifunika usiku ambayo mchana yaweza kukunjwa ikabebwa, na ukanda wa kuushikilia mzigo mgongoni. Vitu hivyo havikununuliwa dukani. Vilikatwa, vikasokotwa, vikatobolewa na kushonwa nyumbani na watu wale wale waliovitumia, au na jamaa zao. Hata hivyo, katika vitabu vya historia zana hizi hazina mahali. Pale zinapotajwa huwekwa katika sura ya "sanaa za jadi", mbali kabisa na sura ya biashara, kana kwamba misafara ilitembea yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuzirudisha zana hizo katika historia ya safari. Ushahidi wake ni wa namna mbili: yale yaliyoandikwa na wasafiri, wamisionari na wataalamu wa mila tangu katikati ya karne ya 19, na yale yaliyohifadhiwa na lugha yenyewe. Ushahidi wa pili aghalabu hupuuzwa na wanahistoria, ijapokuwa katika jambo hili ndio ulio mkongwe zaidi.

Yafaa kuanza na kitenzi kimoja. Katika Kikamba, kushona ni kũtuma. Neno hilo hutumika kwa nguo, kwa ngozi, na pia kwa kazi ya kusuka kiondo. Msemaji wa Kiswahili anayeliona limeandikwa bila alama juu ya irabu hudhani kwamba ni lile lile tuma la kumpeleka mtu au barua. Silo. Kikamba kina irabu saba, na kinatofautisha wazi kũtũma, yaani kupeleka, na kũtuma, yaani kushona. Kiswahili kimebaki na irabu tano tu, lakini hakikuipoteza tofauti hiyo. Kiliihamishia kwenye konsonanti. Mbele ya ile irabu ya juu kabisa ya Kibantu cha kale, sauti t iligeuka kuwa f katika Kiswahili, lakini katika lugha za bara kama Kikamba na Gĩkũyũ ilibaki t. Ndiyo maana fua ya mhunzi wa Kiswahili inalingana na tura ya mhunzi wa Kigĩkũyũ. Kwa kanuni hiyo hiyo, ndugu wa kũtuma katika Kiswahili si tuma bali ni fuma.

Undugu huu una uzito kuliko unavyoonekana mwanzoni. Fuma ya Kiswahili ina maana mbili zinazojulikana na kila mwandishi wa kamusi: kutengeneza kitambaa kwa nyuzi, na kumchoma mtu au mnyama kwa mshale au mkuki. Wengine wameyahesabu haya kuwa maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa ya ulinganishi wa lugha za Kibantu iliyochapishwa kati ya 1967 na 1971, aliliorodhesha shina hili kwa maana ya kuchoma na kwa maana ya kushona pia. Kikamba kinaunga mkono umoja wao, kwa sababu mkuki katika lugha hiyo huitwa itumo, na nduguye wa Kiswahili ni fumo, mkuki wa bapa pana ambao jina lake lilipata kuwa pia cheo cha watawala wa pwani ya kaskazini. Mkuki na sindano, basi, vilizaliwa katika wazo moja: kitu chenye ncha kinachopenya. Fundi wa ngozi anayeelewa kwamba ugumu wa kazi yake uko katika kutoboa, na si katika kupitisha uzi, hatashangazwa na jambo hilo. Ngozi kavu ya ng'ombe haishonwi kwa sindano laini. Hutobolewa kwanza kwa chuma chenye ncha, tundu baada ya tundu, kisha kano au ukanda mwembamba hupitishwa.

Neno la pili linalostahili kuangaliwa ni nguo, ambalo katika Kikamba ni ngũa. Wasafiri wa karne ya 19, Waarabu, Waswahili na Wazungu pia, walizoea kusema kwamba watu wa bara walikuwa uchi hadi walipoletewa nguo. Lugha haikubaliani nao. Neno hili limeenea katika lugha za Kibantu kutoka ikweta hadi kusini kabisa mwa bara, na katika Kizulu, kwa mfano, ingubo ni blanketi au vazi la kujitandia, ambalo zamani lilikuwa la ngozi. Watu walikuwa na nguo, na jina la nguo, karne nyingi kabla ya pamba kufika Ukambani. Kilichobadilika ni maana: neno lililohusu ngozi iliyolainishwa lilihamia kwenye kitambaa kilichofumwa, na baada ya kuhama likawasahaulisha watu lilikotoka. Anayesema leo kwamba babu zake "hawakuwa na nguo bali walivaa ngozi" anarudia bila kujua hukumu ya mfanyi biashara aliyekuja kuuza pamba.

Kuhusu zana zenyewe, mwandishi wa kutegemewa zaidi ni Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, akachapisha utafiti wake Uppsala mwaka 1916 na kuurudia kwa ukamilifu mwaka 1920. Charles Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alikuwa amemtangulia kwa kitabu kilichotoka Cambridge mwaka 1910, lakini Lindblom ndiye aliyekuwa na jicho la fundi. Baadaye aliongoza makumbusho ya mila mjini Stockholm kwa miaka mingi, na mwaka 1939 akatoa chapisho juu ya uvutaji wa waya katika Afrika, kazi ambayo Wakamba walikuwa mabingwa wake. Mikufu yao myembamba ya shaba ilisifiwa mbali. Mtu aliyependezwa na waya kiasi hicho hakuweza kupita mbele ya podo la mishale bila kuligeuza na kutazama limeshonwaje.

Podo hilo ni mfano mzuri wa ustadi unaozungumzwa hapa. Katika Kikamba huitwa thyaka. Kiswahili, mbali na podo, kina neno ziaka kwa maana hiyo hiyo, na Gĩkũyũ ina thiaka. Huko pwani, jina la mji wa Mariakani, kwenye njia ya kutoka Mombasa kwenda bara, huelezwa na wenyeji kuwa limetokana na mariaka, neno la podo za mishale ya Wakamba waliopita au kukaa hapo. Chombo chenyewe ni mrija wa ngozi ngumu, wenye mshono mmoja ubavuni, kitako kilichofungwa, na kifuniko cha ngozi kinachovaa mdomo wake kama kofia. Mshono huo wa ubavuni ndio mtihani wa fundi. Ukilegea, podo hupinda kwa joto. Matundu yakikaribiana mno, ngozi hupasuka kati yao. Ukanda hushikizwa mahali pawili ili podo litulie begani mtu akikimbia. Ndani hukaa mishale yenye sumu, ambayo kila mmoja umezungushiwa kipande chembamba cha ngozi kwenye ncha, kwa sababu mbili: sumu isikauke ikapoteza nguvu, na mwenyewe asijichome. Kitu kidogo kama kile kipande cha ngozi hakikupata kuonekana katika taarifa za biashara ya pembe. Bila hicho pembe hazingepatikana.

Chombo cha pili ni mũkwa, ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo. Hupitishwa utosini au kwenye paji la uso, na mzigo hulala mgongoni. Wanawake wa Ukambani, kama wa Ugĩkũyũ, wamebeba kuni na maji kwa namna hiyo tangu zamani zisizo na tarehe. Wapagazi wa pwani, kwa upande wao, walizoea kubeba kichwani au begani. Tofauti hii ya mwili ilileta tofauti ya zana: mzigo wa kichwani hutaka kata na furushi lililokazwa kuwa gumba, lakini mzigo wa mũkwa hutaka mfuko mlaini unaofuata umbo la mgongo. Kiondo ni mfuko wa namna hiyo, na hauwezi kueleweka vyema ukitenganishwa na ukanda wake.

Wakamba walishika njia ya kati ya pwani na nyanda za juu kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19. Njaa ya mwaka 1836 hivi iliwafanya wengi wao kufanya makao nyuma ya Mombasa, na makao hayo yakawa kituo cha biashara. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa Rabai, alisafiri pamoja nao kwenda Kitui mwaka 1849, akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba, na akarudi tena mwaka 1851, safari ambayo mwenyeji wake Kivoi, mfanyi biashara mkubwa wa Kitui, aliuawa njiani karibu na mto Tana. Krapf mwenyewe aliponea chupuchupu, akalazimika kurudi peke yake kwa miguu. Wanahistoria wameitaja sana ajali hiyo kwa sababu ya Kivoi. Kwa mada hii lenye faida zaidi ni kwamba mwaka 1850 Krapf alichapisha Tübingen orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwa kando kwa kando. Kwa mara ya kwanza, mambo ya nyumbani na ya njiani ya watu wa bara yaliwekwa sambamba na ya pwani, bila ya moja kuwa tafsiri hafifu ya jingine. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ile ya mbele ya Kiswahili Sanifu, ya Frederick Johnson, mwaka 1939. Mbinu ya 1850 haikufuatwa tena kwa uzito.

Wakati Krapf akiandika, nguo ya pamba ilikuwa imekwisha kuanza kupanda kutoka pwani. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitia sahihi mapatano ya biashara, na kitambaa kizito kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts kikamiminika Unguja. Waswahili wakakiita merekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata njia hiyo, na viwanda vya Bombay vikaingia mahali pake. Katika miaka ya 1930 Wajapani nao wakaja na chao. Jina halikubadilika. Merekani ya Bombay ilikuwa merekani, na ya Osaka pia. Pamoja nayo ilikwenda kaniki, ile nguo ya buluu nzito iliyo karibu na nyeusi.

Ni kosa la kawaida kudhani kwamba kitambaa kilichofika bara kilivaliwa kama kilivyofika. Merekani ilikuwa malighafi. Joseph Thomson, aliyevuka nchi ya Wamasai mwaka 1883, alikaa Taveta kwa muda kwa sababu shanga zake zilibidi zitungwe upya katika urefu uliokubaliwa na Wamasai, na vitambaa vikatwe na kushonwa viwe mavazi ya vita ya namna waliyoitaka. Kambi ya msafara, kwa maneno mengine, ilikuwa pia karakana ya kushonea. Mpagazi aliyejua kushika sindano alikuwa na thamani sawa na aliyejua kupika. Magunia yalitoboka, mahema yalichanika, mikanda ilikatika, na hapakuwa na mahali pa kununua kingine hadi miezi ipite. Jambo hili hufichwa na orodha za mizigo, ambazo huhesabu majora na frasila lakini hazihesabu sindano.

Mji wa Machakos, ambao jina lake ni matamshi ya wageni ya jina la Masaku, mwaguzi mashuhuri wa Wakamba, ulikuwa kituo cha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1889, na John Ainsworth akakisimamia kuanzia 1892. Hapo misafara ya kwenda Uganda ilinunua vyakula na kutengeneza zana zake. Kwa miaka kama kumi mji huo mdogo ulikuwa mlango wa bara. Kisha reli ikapita kando yake, katika nyanda za Athi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya utawala yakahamishiwa huko. Wakati huo huo njaa kubwa iitwayo na Wakamba Ngomanisye ilikuwa ikiwaangamiza watu na mifugo. Reli na njaa kwa pamoja viliimaliza biashara ya misafara. Zana zake hazikutoweka nayo; zilipata kazi nyingine.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya ngozi. Blanketi na nguo ya pamba vilienea kwa sababu vilikuwa vyepesi na vilifuliwa kwa urahisi, na kwa sababu misheni na serikali ziliihesabu nguo ya ngozi kuwa alama ya ushenzi. Misheni ya Africa Inland, iliyoanza kazi Nzaui mwaka 1895, ilimhesabu msomaji pia kwa mavazi yake. Lakini kulikuwa na sababu nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni mifugo yenyewe. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe kwa nguvu na kuwauza mnadani, ikidai kwamba ardhi imemomonyoka kwa kulishwa kupita kiasi, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa karibu, huko Athi River. Maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, walitembea hadi Nairobi kupinga, na walikaa huko kwa majuma. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Serikali ililegeza amri. Tukio hili hufundishwa kama habari ya siasa na ardhi, na ndivyo lilivyo. Lakini kwa mtu aliyetegemea ng'ombe kwa maziwa, mahari, viatu, kamba na kitanda, kila fahali aliyepelekwa mnadani alikuwa pia ngozi iliyotoka nyumbani isirudi.

Viatu vya ngozi mbichi vilirithiwa na akala, ndara zinazokatwa katika magurudumu ya magari yaliyochakaa. Umbo lake halikubuniwa upya: soli inayofuata unyayo, mikanda inayopita juu ya vidole na nyuma ya kisigino, na matundu yanayotobolewa ubavuni. Fundi alibadili malighafi akaacha umbo. Yaelekea hakuna zana iliyopita kutoka karne moja kwenda nyingine bila kelele kama hii.

Vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, viliwachukua Wakamba wengi kama wapagazi wa jeshi, katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza limeacha alama yake Nairobi katika Kariokor na Dar es Salaam katika Kariakoo. Ni katika vita hivyo Mutisya Munge wa Wamunyu alipojifunza kuchonga sanamu kwa namna ya Wazaramo, akarudi nazo nyumbani, na kutoka kwake ukazaliwa uchongaji unaojulikana duniani kote. Habari yake husimuliwa kila mara pazungumzwapo sanaa za Machakos, na ni haki. Ubaya ni kwamba imeifunika nyingine isiyo na jina la mtu mmoja. Wale waliokwenda vitani, na wale waliojiunga na jeshi la King's African Rifles baada yake, walirudi pia na kaki, mishono ya jeshi, na mfuko wa kubebea mgongoni uitwao shanta, neno ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu na Kiarabu kutoka Kituruki. Shanta huning'inia mabega mawili. Mũkwa hukaa kichwani. Wanaume walichukua shanta. Wanawake waliendelea na mũkwa, na mgawanyiko huo waonekana barabarani hadi leo.

Cherehani ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya wanaume. Jina lake latokana na charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu, na lilikuwa limeota mizizi pwani kabla ya mashine yenyewe kufika Machakos. Fundi wa kwanza katika miji midogo ya bara alikuwa Mhindi au mwanafunzi wa Mhindi, akikaa kwenye kibaraza cha duka, mashine ya Singer mbele yake, akimshonea mteja kitambaa kilichonunuliwa ndani ya duka hilo hilo. Wasichana wa shule za misheni walifundishwa sindano ya mkono kama sehemu ya malezi ya mke. Wavulana walifundishwa cherehani kama kazi ya kulipwa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kiliendeleza mafunzo ya kwanza. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyoanzishwa na Baraza la Kikristo la Taifa baada ya ripoti yake ya mwaka 1966 juu ya vijana waliomaliza shule, ndivyo vilivyoanza kuwapa wasichana wengi ya pili.

Yamebaki maelezo juu ya kiondo, ambacho kimewekwa mwisho kwa sababu kinahitaji nafasi. Katika Kikamba ni kyondo, na kwa wingi syondo. Uzi wake wa zamani ulipatikana katika gome la ndani la mbuyu na la miti mingine. Gome hupondwa na kulainishwa, hata kwa kutafunwa, nyuzi huchambuliwa, na mwanamke huzisokota pajani kwa kiganja cha mkono mpaka zipatikane kamba nyembamba zenye unene sawa. Hapo kazi bado haijaanza. Kiondo huanzia kitakoni: nyuzi chache hukutanishwa katikati zikatawanyika kama miale, na uzi mwingine wa pande mbili huzunguka ukiishika kila moja kwa msokoto. Kadiri duara linavyokua huongezwa nyuzi mpya za kusimama. Kitako kikitosha, nyuzi huachwa zianguke na ukuta huanza kupanda. Mfumi hahitaji kitanda cha kufumia wala meza. Kazi yote huning'inia mkononi, na ndiyo sababu mwanamke wa Ukambani aweza kufuma akitembea kwenda sokoni, na kusokota akizungumza. Pengine hiki ni chombo cha safari ambacho chenyewe hutengenezwa safarini.

Wasemaji wa Kiswahili hukiita kikapu, na kazi yake hukiita kusuka. Maneno yote mawili yana kasoro. Kikapu cha pwani hutengenezwa kwa ukili: miyaa husukwa kuwa utepe mrefu, kisha utepe huo huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo. Pana kazi mbili, kusuka na kushona, na malighafi ni jani bapa. Kiondo hakina utepe wala mshono. Ni kitambaa cha nyuzi kilichofumwa kikiwa tayari na umbo la mfuko. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliofikiwa Mombasa mwaka 1928, na kwa hiyo kina utajiri mkubwa wa maneno ya mnazi na mkindu: ukili, pakacha, jamvi, tenga, kanda, mkeka. Maneno ya nyuzi za gome hayakuwamo kwa sababu Unguja haikuyahitaji. Hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini kutafsiri kiondo kwa "kikapu kilichosukwa" ni kumfanya msomaji aone kitu kingine. Kitenzi kinachofaa kipo, nacho ni fuma, na kwa mujibu wa ulinganishi ulioelezwa hapo juu ndicho kitenzi chenyewe ambacho mwanamke wa Machakos hukitumia.

Umbo la neno nalo lina habari yake. Kama Kiswahili kingelirithi neno hili pamoja na lugha nyingine, kingesema chondo na vyondo, kama kisemavyo chombo na vyombo. Umbo la kiondo, linalosikika kote Kenya, limefuata matamshi ya Kigĩkũyũ, kĩondo, na ladhihirisha kwamba neno lilipokewa katika masoko ya Nairobi na si kurithiwa. Wanasarufi wanaosahihisha kiondo kuwa chondo kwa ajili ya kanuni wanaifuta alama ya njia ambayo neno lilipitia.

Mkonge ulibadili kazi hii mara ya kwanza. Mmea huu wa Mexico uliletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, ukafika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na katika Machakos ukawa si zao la mashamba makubwa tu bali ua wa kila mpaka. Kiswahili kiliziita nyuzi zake katani, jina ambalo katika Kiarabu ni la kitani. Uzi wa mkonge ni mgumu kuliko wa mbuyu na hukwaruza paja, lakini hupatikana mlangoni. Mara ya pili kazi ilibadilishwa na watalii na wafanyi biashara wa nje. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipelekwa Ulaya, Marekani na Japani kwa wingi, na vikundi vya wanawake, vilivyozoea kufanya kazi pamoja katika mwethya wa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, vikawa vikundi vya kufuma. Karo nyingi za shule zililipwa na nyuzi hizo. Mũkwa wa paji la uso ukaondolewa, mikanda miwili ya bega ya ngozi iliyotiwa rangi ikashonwa mahali pake na mafundi wa mjini, wengi wao wanaume, ambao kwa mshono huo mmoja walipata fungu lisilolingana na siku walizotumia. Kisha viwanda vya Asia vikaanza kutoa vya kuiga kwa bei ndogo, na soko likaporomoka. Kupigwa marufuku kwa mifuko ya plastiki nchini Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, kulikirudishia kiondo sehemu ya kazi yake ya kwanza, yaani kubebea vitu vya sokoni.

Athi River, mahali pale palipokuwa na kiwanda cha Liebig, sasa ni sehemu ya Kaunti ya Machakos. Chini ya sheria ya mwaka 1990 palitengwa hapo eneo la viwanda vya kuuza nje, na baada ya Marekani kupitisha sheria yake ya biashara na Afrika mwaka 2000, viwanda vya nguo viliongezeka humo, vikishona suruali na mashati kwa maduka ya Marekani. Njia ya merekani ilikuwa imegeuka kichwa chini. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Kila mmoja hushona sehemu moja tu, mfuko au kola au pindo, mamia kwa siku, na huenda asiivae kamwe nguo aliyoishona. Mmoja wao akiulizwa na mamaye huko nyumbani kazi anayoifanya, hujibu kwa kitenzi cha podo na cha kiondo: kũtuma.